Lori Lililorudi Kasulu Bila Sisi

Kitahana, Jumanne alasiri

Debora mwanangu,

Tunalala chini ya paa moja, na bado nakuandikia barua. Umekwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya mto, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala, kwa hiyo nina muda. Kesho asubuhi basi likija nitakukabidhi karatasi hizi mkononi. Usizifungue hapa. Zifungue ukishavuka daraja la Malagarasi, mahali ambapo huwezi kushuka na kurudi kunihoji.

Habari za kuchemsha maji na kutundika chandarua sikuandikii. Umesomea uuguzi miaka mitatu, unayajua kuliko mimi. Sabuni nimekufungia mche mmoja katikati ya nguo. Usiniulize nimeipata wapi katika shida hii. Mengine utayaona mwenyewe.

Ninachotaka kukuandikia ni habari za baba yako na zangu, na za Krismasi ile uliyokaa kando ya barabara.

Nianze mbali kidogo. Watu wakisikia neno mmisionari humfikiria Mzungu. Baba yako ni Muha wa Heru Juu, mtoto wa mkulima wa mihogo, na kanisa lilimtuma kama lilivyowatuma wale wengine. Alikuwa tabibu msaidizi hapa misheni tulipooana. Wewe ulikuwa na miaka minane walipomwita kwenye meli ya misheni, ile Faraja unayokwenda kufanyia kazi, ihudumiayo vijiji vya ziwani visivyo na barabara. Asubuhi anatibu, jioni anahubiri. Mimi nilibaki na wewe na mdogo wako Yona, na shamba, na kuku.

Kazi ya meli ilikuwa nzito zaidi Desemba. Wavuvi wanakuwa nyumbani kwa ajili ya sikukuu, na ndiyo nafasi ya kuwapata wote, wagonjwa na wazima. Kwa hiyo baba yako hakuweza kuja. Nahodha akatoa ruhusa familia za wafanyakazi zishuke Kigoma, zipande, zile Krismasi melini, kisha zirudi mwaka mpya. Ndivyo tulivyokwenda mara ile ya kwanza, ulipokuwa na miaka kumi.

Najua unaikumbuka safari ile kwa furaha. Ulikuwa ukiwasimulia wenzako kitanda kilichoshikizwa ukutani, na taa za umeme, na samaki wale migebuka waliokaangwa wazima. Uliimba sitahani na watoto wa wainjilisti wengine mpaka sauti ikakauka. Mimi naikumbuka kwa namna nyingine.

Siku ya Krismasi tulikaa mezani sote pamoja, sisi na daktari wa meli, Mzungu, na mkewe, na wainjilisti wawili wa mwambao na wake zao. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe. Mchana huo ziwa lilichafuka. Nilikuwa nimevaa gauni nililoshona kwa wiki tatu, la buluu. Nilijikaza, nikajikaza tena, nikashindwa. Nilitapika pale pale mezani, mbele ya sahani ya mke wa daktari.

Yule mama wa Kizungu hakunicheka. Alisimama, akanishika bega, akaniletea maji. Lakini wale wake wawili wa mwambao, waliozaliwa majini, walicheka. Na baba yako akasema, "Mwacheni. Waha wa milimani maji wanayajua ya kunywa tu." Akacheka nao.

Ni hayo tu, Debora. Ukiyasikia leo utaona ni madogo. Hata mimi nikiyaandika nayaona madogo. Nadhani alitaka kuniokoa, kuligeuza jambo liwe mzaha ili lipite. Lakini mimi nilikuwa mgeni pale, nimelowa, na mtu mmoja tu niliyemjua melini alikuwa upande wa wanaocheka. Usiku huo aliniuliza kama najisikia vizuri. Nikasema vizuri. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Jambo lililoniuma lilikuwa la siku moja, na dawa yake ilikuwa maneno mawili, lakini nikalichukua, nikapanda nalo milima mpaka Kitahana, nikaishi nalo mwaka mzima. Palipo na mto nilichota nikilifikiria, palipo na maharage nilipalilia nikilifikiria. Kitu ukikilisha kila siku hukua.

Desemba ya pili ikaja. Barua za meli zilikuwa zikipitia dukani kwa Mzee Rajabu, pale Kasulu sokoni. Unamjua, yule mfanyabiashara mwenye kanzu na miwani, ambaye nduguze wako Pwani. Dereva wake, Hamisi, alikuwa akipanda huku kununua maharage, ndiye anayezileta. Alinipa barua ya baba yako nikiwa jikoni. Nikaifungua. Mstari wa kwanza salamu. Wa pili anasema, "Mwaka huu pia nahodha ametoa ruhusa, nimeshapanga na Mzee Rajabu lori lake liwachukue tarehe ishirini na moja."

Sikusoma zaidi. Ilikuwa karatasi mbili, pande zote zimejaa, na mimi nilisoma mistari miwili. Niliona amepanga na watu wengine bila kuniuliza, kana kwamba mwaka uliopita halikutokea jambo. Nikaitia motoni chini ya sufuria.

Wewe sikukuambia kitu. Ulipouliza kama baba ameandika, nilisema bado.

Tarehe ishirini na moja lori likaja, kama alivyosema. Mvua ilikuwa imenyesha, magurudumu yametapakaa udongo mwekundu mpaka juu. Wewe na Yona mlikuwa mtoni mnafua. Hamisi alishuka akanisalimu.

"Mama Debora, mzee amenituma. Nimewawekea nafasi mbele, nyuma kuna magunia."

Nikamwambia, "Hatuwezi kusafiri. Mtoto ana homa."

"Yupi?"

"Debora."

Akasikitika kweli. Alisema lori litasubiri mpaka mchana kama tutaamua, au akupeleke hospitali Kibondo njia nyingine. Nikasema hapana, umelala, usisumbuliwe. Akatoa chungwa mfukoni, akasema mpe mgonjwa. Akaondoka. Mlipita njia moja, wewe ukipanda kutoka mtoni na beseni kichwani, yeye akishuka; hakukujua kwa sura. Ulinisimulia jioni kwamba umeona lori la Mzee Rajabu na umelipungia mkono. Nilikumenyea lile chungwa ukala.

Yaliyofuata unayajua, lakini nitayaandika jinsi nilivyoyaona mimi.

Ulianza kukaa pale njia panda, kwenye jiwe la mashine ya kusaga, tangu tarehe ishirini na tatu. Ulikuwa unasema baba hawezi kukosa sikukuu bila kutuita wala kuja. Asubuhi unakwenda, saa sita unarudi kula, unakwenda tena. Siku ya Krismasi ulitoka kanisani na gauni lako jeupe ukaenda kukaa pale pale. Mvua ilipokuja nilikufuata na jani la mgomba.

Ukaniambia, "Mama, labda gari alilopanda limekwama Malagarasi."

Hapo nilipewa nafasi. Ningesema kweli, ungelia siku mbili, ungenichukia mwezi mmoja, ingekwisha. Badala yake nikakuambia, "Baba yako ana kazi zake. Meli ndiyo nyumba yake. Twende ndani."

Uliinuka. Hukulia. Ulitembea mbele yangu, na mgongo wako ulikuwa umenyooka kama wa mtu mzima. Nilijua nimefanya kitu, lakini nilijiambia mtoto husahau.

Baba yako alikuja katikati ya Januari. Alipita Kasulu, na Mzee Rajabu akamwambia yaliyosemwa na Hamisi. Alipofika hapa alikuwa amebeba mfuko wa dawa na dagaa gunia moja. Wewe ulikuwa unafagia. Ukainua uso, ukamwambia, "Shikamoo, mzee." Hukusema baba. Akakaribia, akakuwekea mkono kwenye paji la uso, na wewe ukajitoa kwa nguvu mpaka ufagio ukaanguka. Ulimwambia shangazi yako baadaye kwamba alitaka kukubembeleza kama mtoto mdogo wakati alikutupa.

Debora, alikuwa anapima homa.

Aliniuliza kando, "Bado amedhoofika?"

Nikasema, "Ugonjwa umemchosha. Mpe muda."

Alikupa muda. Ndivyo baba yako alivyo, ukimwambia subiri anasubiri. Mwaka uliofuata alituita tena, kwa mdomo, akiwa hapa likizo, wewe upo. Ukasema, "Sitaki meli." Akanitazama. Nami nikasema, "Umesikia mwenyewe." Tangu hapo hakuuliza tena. Akawa anakuja Januari, anakaa wiki tatu, anarekebisha milango na mabati, anaondoka. Krismasi tulizila hapa watatu, ugali wa muhogo na kuku mmoja, na kiti chake tulikitundikia nguo.

Kisha ukaja ule mwaka wa amri ya serikali ya kuhamia vijijini. Tulipewa siku chache tuvunje nyumba ya zamani. Wewe na mimi tulibeba miti na milango kichwani, Yona akabeba kuku, na jirani akatusaidia mabati. Baba yako alikuwa kusini ya ziwa, taarifa ilimfikia baada ya mwezi. Usiku wa kwanza katika kibanda kipya ulisema, "Mtu wa meli hata nyumba yake ikivunjwa hajui." Ningeweza kumtetea. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu, nikisema kweli, ilinipendeza kwamba uko upande wangu. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko barua niliyoichoma. Barua niliichoma kwa hasira ya saa moja. Lakini wewe nilikuweka upande wangu kwa miaka minane, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Umekua ukijivuna kwamba humhitaji mtu. Watu wa kanisani wanakusifu: Debora ana msimamo, Debora hategemei mtu. Wanadhani ni tabia yako. Mimi najua ilianzia wapi, na najua nani aliipanda. Sikuambii uiache, pengine itakufaa wodini. Nataka tu ujue haikuzaliwa na wewe.

Sasa nifike mwaka huu. Pasaka baba yako alikuja na malaria, ile iliyomlaza siku tisa, wewe ukiwa chuoni. Siku ya sita homa ilishuka, akaomba uji. Nilikaa kando ya kitanda nikamlisha, na akaniambia kwamba nahodha mpya anataka kurudisha desturi ya familia kula Krismasi melini. Akasema, "Najua hamtaki. Nimekuambia tu."

Bakuli lilikuwa mkononi mwangu. Nikaliweka chini nikamwambia yote. Barua, Hamisi, homa ambayo hukuwa nayo, jiwe la mashine. Nilidhani atafoka. Aliuliza jambo moja tu.

"Uliisoma barua?"

"Mistari miwili."

Akageuka ukutani. Akaanza kunieleza yaliyokuwa ndani ya barua, akiwa bado ametazama ukuta. Aliandika kwamba mwaka uliopita alicheka vibaya, na kwamba alijua tangu jioni ile ile lakini hakujua aanzie wapi. Aliandika kwamba ameomba chumba cha katikati ya meli, ambako mawimbi hayasumbui sana, na wale wa mwambao wamekubali kuhama. Amemwomba fundi apigilie ubao kwenye kitanda chako usianguke, maana mwaka wa kwanza ulianguka mara mbili. Na mwishoni aliandika kwamba kama bado nina uchungu, nisije, ila nimwandikie niseme, naye atamwomba nahodha likizo hata akikasirikiwa, aje yeye Kitahana.

Meli ilipaswa kuondoka alfajiri ya ishirini na tatu. Alimwomba nahodha wangoje. Walingoja mpaka saa sita. Alisimama gatini muda wote huo, na kila lori likishuka mjini alikuwa anakwenda kulitazama. Saa sita nahodha akamwambia achague, abaki au apande, kuna wagonjwa wanasubiri kule chini. Akapanda. Asubuhi hiyo hiyo, Debora, na wewe ulikuwa umekaa kando ya barabara yako.

Nilimwambia anisamehe. Alisema, "Nipe uji, umepoa, lakini nipe." Akala wote. Siku mbili hakunena nami zaidi ya lazima. Siku ya tatu alitoka nje akanikuta nachambua mchele, akakaa, akaanza kuchambua upande wake wa ungo. Alisema tumekosa miaka mingi, na yeye pia alikosa, kwa sababu mtu akiitwa mzee na mtoto wake mwenyewe, huuliza kwa nini. Yeye aliogopa jibu. Aliona ni rahisi kuwafahamu wagonjwa wa vijiji ishirini kuliko kumuuliza binti mmoja swali moja.

Ilipokuja barua ya kukupangia meli, aliniandikia ukurasa mzima. Safari hii nilisoma mpaka jina lake. Alisema hakuomba upangiwe pale, ni ofisi imeamua, na kama hutaki atazungumza nao. Kisha akasema, "Lakini akikubali, asipande bila kujua. Mimi sitamwambia. Nikimwambia mimi itakuwa namshtaki mama yake. Mwambie wewe."

Ulipopata habari za meli ulisema mbele yangu, "Naenda kwa sababu nimepangiwa. Yeye atakuwa mfanyakazi mwenzangu, basi." Nilikuwa na nafasi tena siku ile, na tena nikanyamaza, nikasema nitaandika. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu huchelewa. Ukiona na wewe unaanza kuchelewa hivyo, jihadhari.

Mwanangu, sikuombi umsamehe baba yako, kwa sababu hayo uliyomhesabia siyo yake. Makosa aliyo nayo amekwisha kuyataja mwenyewe. Mimi pia sikuombi unisamehe leo. Utakuwa na kazi mpya, na chumba chembamba, na ziwa lisilotulia. Huwezi kubeba kila kitu wiki moja. Ukiniandikia kwa hasira, niandikie. Ukinyamaza mwezi, nitaelewa, lakini usinyamaze mwaka. Hilo nalikataza.

Baba yako atakuwa gatini kesho kutwa. Hajui kama nimekuambia. Hatakuuliza, atachukua begi lako tu na kukuonyesha njia. Amezeeka kidogo tangu umwone, na sikio la kushoto halisikii vizuri kwa sababu ya injini, kwa hiyo ukitaka kumwambia kitu, simama kulia kwake. Umwite utakavyo. Ila umwambie kwamba unajua.

Nimekubali kuja mwaka huu. Shule ya Yona itafungwa wiki ijayo, tutashuka na lori tarehe ishirini na moja. Sikutaka tusafiri pamoja na wewe. Nimewaachia siku kumi, wewe na yeye, bila mimi kukaa katikati. Nimekaa katikati vya kutosha.

Nasikia sauti yako huko chini njiani, unacheka na shangazi yako, bila shaka amekuja kukusindikiza na mkungu wa ndizi usioweza kuubeba. Nimesimamisha kalamu kukusikiliza. Sijui itapita muda gani kabla hujacheka hivyo ukiwa na mimi. Hata hivyo kesho nitakupa barua hii, sitabadili nia.

Mama yako,
Perusi